Kilindo Kilichokataliwa Kisesa

Mjomba wangu alinunua kioo mjini, kioo kirefu cha kabati, cha kumwonyesha mtu kuanzia utosini hadi magotini, akakifunga nyuma ya baiskeli akipeleke kwake, mbele kidogo ya Kisesa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, kumi na mmoja hivi, na kazi yangu ilikuwa kukimbia nyuma nikikishikilia kisiyumbe. Uso wa kioo ulielekea nyuma, kwa hiyo njia nzima nilikuwa najitazama mwenyewe ninavyokimbia na kutweta. Tulipofika kwenye mteremko tukakuta ng'ombe wanavuka barabara. Fahali mmoja mwenye nundu kubwa akawaacha wenzake wapite, yeye akageuka kututazama. Akaona fahali mwingine anamtazama. Akainamisha kichwa, na yule wa kwenye kioo naye akainamisha. Nikakiachia kioo nikakimbilia kwenye mkonge.

Hakuna aliyekufa. Mjomba alishonwa paja, fahali alichanika pua kidogo, na mwenye ng'ombe akaja juu kuliko wote.

"Kioo chako kimemchokoza fahali wangu!"

"Fahali wako ndiye ameingia kwenye kioo changu, bwana!"

Walibishana hapo mpaka watu wakaenda kula wakarudi wakawakuta. Tulipofika nyumbani na fremu tupu, mke wake aliuliza swali moja tu: "Sasa kwa nini hukukigeuza uso ndani, ukakifunika blanketi?" Mjomba aliiegemeza fremu ukutani. Baadaye akakubali kwamba alitaka watu wa njiani waone amenunua kioo.

Nimesafirisha vitu vya watu karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na vingi vilivyovunjika vilivunjika kwa sababu hiyohiyo. Mtu alitaka kuonekana. Siku hizi ndiyo mmezidi, nyie vijana. Nimemwona kijana wa mazoezi ya kazi amekikumbatia kigoda cha mtemi kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeinua simu, anatabasamu. Nikamwambia, "Mwanangu, kiweke chini." Akasema, "Subiri mzee, moja tu." Nilisubiri. Mguu wa kigoda haukusubiri.

Basi mmeniomba niwaandikie habari za kazi ya usajili wa makumbusho, nyie mnaoanza. Naandika. Lakini msinitafutie mpangilio, mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na nikikumbuka kitu nakisema palepale kabla hakijanitoka.

Nilianzia bandarini hapa Mwanza, kupakua ndizi za meli ya Bukoba. Siku moja walishusha sanduku lenye vyungu vya zamani vya makumbusho, na kuli mwenzangu akataka kulibingirisha kama pipa. Nikamzuia, tukashikana mashati, na yule mama aliyekuja kulipokea sanduku akasimama pembeni akitutazama. Tulipomaliza kutukanana akaniuliza jina. Kulwa, nikasema. Akaniambia nifike Jumatatu kwenye nyumba ya makumbusho, ile ya upande wa Pasiansi inayotazama ziwa. Huyo ndiye Mwalimu Leokadia, aliyefundisha miaka mingi chuo cha ualimu Butimba kabla ya kuwa msajili wa kwanza wa pale. Ndiye aliyenifundisha kazi, na mpaka leo nikiandika neno ovyo nasikia miwani yake ikigongwa mezani.

Msajili ni nani? Kila mtu ananiuliza, hata mke wangu. Ni mtu anayejua kitu kimetoka kwa nani, kimekwenda wapi, kimekwenda kikiwa na hali gani, na kimerudi kikiwa na hali gani. Basi, ni hilo tu. Lakini hilo tu limewashinda wenye digrii mbili.

Fomu yangu ya kwanza ya hali ya kitu niliandika: "Nzuri." Mwalimu akaisoma, akavua miwani.

"Nzuri kwa nani, Kulwa?"

"Kwa... kwa wote, Mwalimu."

"Wewe ukigongwa na gari, polisi akija aandike 'ajali nzuri', utafurahi? Andika anavyoandika polisi. Ufa uko wapi, mrefu kiasi gani, wa zamani au wa leo. Usiandike unavyoona moyoni. Andika unachokiona kwa macho."

Nikarudia fomu ile mara tano. Mara ya tano alisema tu, "Hamna shida," nami nililala usingizi mzuri.

Sasa sikilizeni mambo madogo, maana hayo ndiyo yanayoua. Usishike kitu kwa mkono wake, kwa sikio lake wala kwa mpini wake. Mkono wa kitu cha zamani umechoka kuliko wewe. Shika chini, kwa viganja viwili. Tandika kwanza meza, ndipo ubebe, siyo ubebe halafu uanze kupiga kelele "nani aondoe vikombe!" Na pima mlango. Nasema tena, pima mlango! Tulijenga sanduku la ngoma kubwa ndani ya ukumbi, sanduku la mbao safi, sponji pande zote, fundi amepiga na rangi, tukapiga makofi. Halikutoka. Mlango ulikuwa mwembamba kwa upana wa kiganja. Mkurugenzi wa wakati ule akasema tubomoe fremu ya mlango. Fundi akasema tubomoe sanduku. Mimi nikasema tumpigie simu aliyesema vipimo viko kichwani mwake. Alikuwa ni mimi, lakini sikuona haja ya kulitaja hilo mbele ya watu.

Na hili la friza. Mmesoma kwamba bungo, wale wadudu wanaotoboa mbao, huuawa kwa baridi kali, unakifunga kitu kwenye nailoni ukakigandisha siku kadhaa. Ni kweli. Sisi hatukuwa na friza, na hapa Mwanza baridi kali iko wapi? Kwenye samaki. Tukaomba chumba cha baridi kwenye kiwanda kimoja cha samaki, tukaingiza vigoda vinne kutoka Ukerewe, nailoni tukaifunga kwa haraka haraka kwa sababu ya ile baridi, vidole vilikuwa havisikii. Bungo walikufa wote. Vigoda vikaenda Dar kwenye maonyesho. Siku ya pili simu ikaita.

"Mzee Kulwa, shikamoo. Samahani, hivi viti ni vya watemi au vya wavuvi?"

"Vya watemi. Kwa nini?"

"Wageni wanasema vinanuka sangara."

Kwa hiyo nailoni ifungwe mara mbili na utepe wa gundi upite kila mshono. Msicheke. Mtaifanya na nyie.

Haya, nije kwenye kilindo, maana ndicho kilichonitoa kazini.

Kama hujawahi kukiona, kilindo ni chombo cha mviringo cha gamba la mti. Gamba linakunjwa, linashonwa kwa kamba za mti, linatiwa kitako na mfuniko. Wazee walihifadhia nafaka. Vizima vimebaki vichache. Kimoja kilikuwa kwa bibi mmoja ndani ndani huko, ukiacha barabara ya Kisesa, anaitwa Nyanzobe. Tulikiazima kwa maonyesho ya miezi mitatu ya vyombo vya kuhifadhia chakula. Mwalimu Leokadia alikuwa ameshafariki, msajili nilikuwa mimi.

Nilikwenda na dereva wetu, Sospita. Bibi alitupokea vizuri. Alikileta kilindo uani, akamimina mtama wa mbegu kwenye ndoo, mtama mwekundu, akapiga kitako mara mbili kwa kiganja. Nikaona punje zimebaki chini, konzi moja hivi. Nikajisemea, macho yake ni ya uzee, hakuziona. Akafunika, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kiende, kirudi," akasema.

Nikamwambia kitarudi. Nikampa fomu akaweka dole gumba.

Tulipofika makumbusho nikavaa glavu, nikafungua, nikazitoa zile punje kwa brashi moja baada ya nyingine, maana punje huita fukusi, wale wadudu wa nafaka, na fukusi mmoja akiingia stoo umekwisha. Nikatupa pipani. Nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Ndani: punje chache za mtama na vumbi. Takataka zimeondolewa." Nikasaini. Na nilijisikia vizuri, ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Maonyesho yakaisha. Mkurugenzi wetu wa sasa, tunayemwita Dokta, Mhaya mmoja msomi sana na mchapakazi, hilo simnyimi, akaagiza kilindo kirudishwe kwa heshima. Tukakiweka kwenye sanduku, sponji imekatwa kwa umbo lake, karatasi nyeupe imezunguka. Bwana harusi hasafirishwi namna ile.

Bibi Nyanzobe akakaa kwenye kigoda chake, akafungua mfuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa kitako. Akapapasa tena. Akatoa mkono, akautazama.

"Hiki si changu."

"Ni chenyewe, mama. Hata ule mshono uliotengenezwa, huu hapa."

"Changu kilikuwa na kitu ndani."

Sospita akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Ule mtama umetolewa, mama. Kwa ajili ya wadudu."

"Nani aliutoa?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mikono?"

Mkwe wa Bibi, mama mmoja mnene mchangamfu, akanivuta pembeni akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Chombo hiki hakijawahi kuwa kitupu tangu mama mkwe wa Bibi alipokipokea kwa mama mkwe wake mwenyewe. Bibi aliacha ile konzi makusudi, kisitoke nyumbani kikiwa kitupu. Na mbegu ya kupanda lazima itoke humo, kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mvua zimekaribia, mbegu ziko kwenye ndoo, panya wanazila, na Bibi hazirudishi kwenye chombo kilichomjia kitupu.

"Mmempa adhabu mama yangu, baba," akasema. "Na mimi mmenipa panya."

Jamani. Mama yangu mzazi asingerudisha hata bakuli la jirani likiwa tupu, angetia viazi, angetia ndimu mbili, chochote. Nilikulia humo! Na bado nilikwenda kwa mtu na chombo kitupu kilichozungushiwa karatasi nyeupe, nikitegemea kusifiwa.

Tukakirudisha mjini. Juma lililofuata tukakipeleka tena, nimenunua mtama safi sokoni, nimeujaza pomoni. Bibi akaumimina mtama wangu kwa kuku bila kusema neno, akanirudishia kilindo. Njiani Sospita alikuwa anafurahi peke yake.

"Mzee, hiki kilindo kimekuwa mgonjwa wa rufaa. Kila tukikifikisha, wanatuandikia turudi nacho."

"Endesha gari, Sospita."

"Naendesha. Nauliza tu, keshokutwa tunamleta tena kliniki?"

Nikamweleza Dokta. Akasikiliza huku anaandika kwenye kompyuta, kisha akafungua mkataba, akanionyesha kifungu. Mwenye kitu akikataa kukipokea, anapewa taarifa kwa barua, na zikipita siku thelathini kitu kinabaki kwetu.

"Lakini Dokta, hajakataa kitu chake. Amekataa tulichomfanyia."

"Mzee Kulwa, kwa uaminifu kabisa, kule kwake mchwa watakimaliza. Hapa kitakaa miaka mia."

"Kitakaa kikiwa nini?"

"Kikiwa salama."

Dokta si mwizi, msinielewe vibaya. Anakipenda kile chombo kuliko watu wengi wanavyopenda ng'ombe wao. Lakini barua aliiandika siku ileile, na mimi ndiye niliyepewa niipeleke. Nikaiweka mfukoni. Siku zikaanza kuhesabika, kilindo kiko stoo kwenye rafu, kina namba, na kila nikipita nakiona. Nikawa nagombana na watu kwa mambo ya kijinga. Nilimfokea mlinzi kwa sababu ya chai. Nilikuwa nimekasirikia fomu, na fomu ilikuwa na saini yangu.

Mara ya tatu nilikwenda bila glavu, bila sanduku. Kilindo nilikiweka magotini nikakikumbatia toka Pasiansi mpaka kwa Bibi, kinyume na kila kitu nilichowafundisha watu. Sospita hakutania siku ile. Barua ya Dokta ilikuwa bado mfukoni, na huko huko ilibaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na ofisi?"

"Nimekuja mwenyewe." Nikachuchumaa. "Mtama niliutoa mimi. Siyo ofisi. Kwa brashi, punje kwa punje, nikatupa kwenye pipa. Halafu nikauandika takataka."

Mkwewe aliyekuwa anapepeta akaacha kupepeta. Bibi akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, mama."

"Mimi sikusoma hata la kwanza," akasema. "Lakini nikikuta kitu ndani ya chombo cha mtu, namwuliza mwenyewe."

Katika kazi yote niliyofundishwa, na semina nilizokalia, na vyeti nilivyopewa na chakula cha mchana, hakuna aliyewahi kunipa kanuni inayozidi hiyo. Inanikera kwamba niliisikia mwishoni.

Akaagiza ndoo. Akachota konzi moja ya mtama mwekundu, akaumimina kilindoni polepole, ukalia kwenye gamba. Akafunika. Akakipakata.

"Sasa andika," akasema. "Ulisema takataka kwa kalamu, hapa umesema kwa mdomo tu. Andika kwa kalamu."

Nikatoa fomu ya kurudisha, nikaiweka juu ya goti, nikaandika huku namsomea neno kwa neno: Punje zilizokuwamo siku ya kuchukua hazikuwa takataka, zilikuwa za mwenye chombo. Aliyezitupa bila kuuliza ni mimi, Kulwa, msajili. Chombo kimepokelewa leo kikiwa na konzi moja ya mtama, ameutia mwenyewe.

"Soma tena hapo pa jina lako."

Nikasoma tena. Akaweka dole gumba, akalikandamiza kweli kweli. Tulipokuwa tunaondoka mkwewe alikuwa ameshaibeba ndoo kuingia ndani, anaimba, na mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwa.

Fomu nikaipeleka kwa Dokta asubuhi iliyofuata. Aliisoma mara mbili.

"Kimepokelewa. Hongera, mzee, umefanya kazi kubwa." Akaigeuza, akaigeuza tena. "Lakini hii haiwezi kuingia kwenye jalada."

"Kwa nini?"

"Wafadhili wanazisoma hizi. Makumbusho mengine yanazisoma kabla ya kutuazima kitu. Hapa tumeandika kwamba tunatupa mali za watu."

"Tulitupa."

"Mzee Kulwa." Akavuta fomu mpya kwenye droo, akaisukuma upande wangu. "Tuandike kwa kifupi. 'Kimepokelewa katika hali nzuri.' Sospita atakupeleka leo, Bibi aweke kidole tena, tumalize."

"Yule mama hajui kusoma, Dokta."

"Wewe si utamsomea."

"Nitamsomea nini?"

Alikuwa amechoka na yeye, nilimwona. Simu yake ilikuwa inaita mezani na hakuipokea.

"Msomee ile uliyomsomea jana, kidole aweke kwenye hii," akasema. "Tusirefushe mambo."

Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Nyie mtasema ningevumilia, na mke wangu alishasema, na Sospita naye. Nilichukua fomu ya Bibi pale mezani. Nikaitoboa kwa ile mashine ya kutobolea, nikaitia kwenye jalada la kilindo, juu kabisa ya karatasi nyingine zote, nikalirudisha jalada kwenye rafu mahali pake. Ile fomu mpya niliiacha pale aliponisukumia. Dokta akaniuliza ninakwenda wapi.

Nikamwambia natoka mara moja.

Nikapita stoo, nikapita ukumbini kulikokuwa na watoto wa shule wamepanga mstari, nikampungia mlinzi getini, nikashika njia ya kuelekea ziwani. Mwavuli wangu uko nyuma ya mlango wa ofisi mpaka leo, na kikombe changu, na miwani ya kusomea. Sijarudi.